Hodi Tatu Chini ya Makala

Kuna vitu vinavyonichefua hapa duniani, na si vichache. Kambale aliyesahaulika ndani ya mfuko wa plastiki. Mtu anayetema mate huku anakusalimia. Maji ya mtaro wa sokoni wakati wa masika, yale ambayo ukiyakanyaga kwa bahati mbaya unatamani uuache mguu palepale, uende nyumbani na mmoja. Lakini hivyo vyote ni manukato ukivilinganisha na blogu yenye komenti za watu zilizoachwa bila majibu. Nikiona ukurasa wa namna hiyo tumbo linapinduka, utumbo unagonga mbavu, na chakula cha jana kinaanza kuulizia njia ya kurudi.

Nasema hivyo nikiwa na haki ya kusema, maana mimi mwenyewe ni mwanablogu. Ninaandikia kibandani kwangu, hapa Ifakara, kibanda cha kuchaji simu na kutoa fotokopi, katikati ya mteja na mteja. Naandika mambo ya kawaida: samaki walivyopanda bei, foleni ya mashine ya kukoboa mpunga, msiba ambao wali uliisha kabla marehemu hajafika. Elimu yangu ni ya jioni. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu, katika darasa lenye mbu wakubwa kiasi kwamba mmoja akitua kwenye benchi unasogea kumpisha akae. Lakini mwalimu wetu, pamoja na uchovu wa kufundisha watoto tangu asubuhi, hakuwahi kuliacha swali likining'inia hewani. Mama mmoja muuza vitumbua alikuwa akiuliza kila wiki kwa nini kwenye hesabu kuna eksi wakati eksi ni herufi. Kila wiki alijibiwa. Sijui kama aliwahi kuelewa, ila kila wiki alirudi darasani, na mtihani alifaulu.

Basi kwangu komenti inajibiwa, hata ya matusi. Nina msomaji mmoja wa Chita, sura simjui, ila naamini ni jitu lenye sauti ya trekta. Siku moja niliandika kwamba kambale mkavu hapikwi ila kwa nazi. Akanishukia: "Wewe hujawahi kula kambale, umelamba mfupa." Nikamjibu. Naye akajibu. Mama mmoja akaingia na bamia zake, mwingine akaja na karanga, mwingine akasema sisi wote hatujalelewa, na mpaka jioni ukurasa mzima ulikuwa unanukia. Makala yenyewe ilikuwa mbovu, sina haja ya kujipaka mafuta. Watu wanairudia mpaka leo kwa sababu ya yaliyosemwa chini yake. Hilo ndilo ninalolijua kuhusu kublogu: makala ni mkeka, na hakuna aliyefunga safari kwenda kwa mtu ili akautazame mkeka.

Sasa kulikuwa na kijana mmoja wa Viwanja Sitini.

Huyu alikuwa na stashahada ya kilimo, aliyoipata chuo cha mbali, na blogu yake ilikuwa ya mpunga. Kuandika anajua, simnyimi haki yake. Sentensi zake zimenyooka kama mistari ya mbegu iliyopandwa kwa kamba. Bonde zima lilimsoma. Vikundi vya kina mama wa jumuiya za kanisa walitumiana makala zake kwenye simu, na wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa wakaanza kulima mpunga walikuwa wakimtaja kama mtu wa ukoo wao. Mwaka ule aliandika makala juu ya mpunga unaogeuka njano. Alisema njano ni za aina mbili. Kuna njano ya njaa, mpunga umekosa mbolea, hiyo unaitibu kwa urea. Na kuna kimyanga, ugonjwa, majani yanaingia madoa na michirizi, mche unadumaa, suke halitoki. Kimyanga hakina dawa. Ukikiona unang'oa na kuchoma kabla wadudu na mikono ya watu havijakisambaza shamba zima. Akaweka na picha mbili. Tatizo ni kwamba zile picha, nawaapieni, zilifanana kama mapacha waliovishwa sare. Hata mimi mwenye miwani sikuona tofauti.

Na watu wakauliza, kama watu wanavyotakiwa kuuliza. Nilishuka chini ya ile makala nikakuta maswali yamejipanga. "Mwandishi, picha ya kwanza ndiyo kimyanga au ya pili?" Kimya. "Mimi yangu ina michirizi lakini haijadumaa, nifanyeje?" Kimya. "Samahani mtaalamu, tunaomba majibu, mvua zimeanza." Kimya kama cha kaburi la mtu asiye na ndugu. Katikati yao, kwa raha zao, walikuwa wameota wale wengine: mganga anayerudisha mume aliyepotea, mtu anayegawa mikopo bila dhamana, mwingine anauza dawa ya kuongeza makalio. Unajua kiwanja kisichojengwa mtaani kinavyokuwa. Siku ya kwanza mtu anamwaga jivu. Siku ya pili nepi. Wiki ikiisha kuna mbwa aliyekufa na hakuna anayejua alitoka wapi. Ukurasa wa yule kijana ulikuwa hivyohivyo, na juu yake makala safi, imenyooka, kama bibi harusi aliyesimamishwa jalalani.

Nikawa nasonya peke yangu pale kibandani. Ndipo nikaona hodi.

"Hodi hapa. Shikamoo mwandishi."

Ilikuwa imeandikwa hivyo tu. Hakuna swali. Chini kidogo, baada ya mganga wa mume aliyepotea: "Hodi tena. Shikamoo mwandishi, habari za nyumbani." Na mwisho kabisa: "Hodi ya tatu. Basi mimi naondoka mwandishi. Mungu akubariki wewe na familia yako."

Pembeni ya maneno hayo kulikuwa na picha ndogo ya mama aliyevaa kitenge cha jumuiya, kichwa kimeinamishwa upande kama anayesikiliza jambo. Nikaikuza picha. Nikaikuza tena. Alikuwa shangazi yangu wa Mkula, dada yake baba.

Moyo wangu ulianguka mpaka kwenye ndala. Mtu wa nje angesema ni salamu tu. Lakini mimi nimelelewa na yule mama. Kwake hodi hupigwa mara tatu. Usipoitikiwa mara ya tatu unageuza, unaondoka bila kinyongo, maana mwenye nyumba ana sababu zake. Na shida huisemi mlangoni. Unaanza na salamu, unaitikiwa, unakaribishwa, unakaa, unaulizwa habari za wa nyumbani mpaka wa kuku, halafu ndipo unafungua mdomo. Shangazi hawezi kupiga hodi kwa mtu asiyemjua mara tatu, kwa bando la kuungaunga, kwa ajili ya kusalimia tu. Alikuwa na shida, na chini ya makala ya mpunga wa njano shida ingekuwa nini tena? Shamba lile la Mkula ndiyo sahani yake. Hana mshahara, hana pensheni, mume alishatangulia. Anachovuna ndicho anachokula mpaka mavuno mengine, na kinachobaki ndiyo chumvi, sabuni na sadaka. Bwana shamba wa upande wao mwaka ule alikuwa masomoni.

Nikapiga simu yake. Inaita, haipokelewi. Maana yake yuko shambani na simu iko ndani ya kikapu, imefungwa kwenye mfuko, na mfuko umefungwa kwenye khanga, ili isiibwe na mvua.

Nikafunga kibanda, nikaenda Viwanja Sitini. Kijana nilimkuta kibarazani kwake, miguu kwenye ndoo iliyopinduliwa, anaangalia simu na kutabasamu.

"Braza! Karibu sana. Umeona ile makala ya njano? Namba inapanda kama mgomba."

"Nimeiona. Na komenti umeziona?"

"Komenti zipo nyingi."

"Sijauliza wingi wake. Umezisoma?"

Akacheka. "Braza, wewe una blogu ya kambale, una muda. Mimi nikimjibu mmoja wanakuja kumi. Nikiwajibu kumi, ndiyo nimekuwa kijiwe. Kila kitu nimeshaandika kwenye makala, wasome."

"Wamesoma ndiyo maana wanauliza."

"Hawajasoma vizuri."

Nikamwonyesha hodi za shangazi, moja, mbili, tatu.

"Hii sasa ndiyo komenti?" akasema. "Hizi ni salamu, braza. Hakuna swali hapa. Kungekuwa na swali ningejibu."

"Na hizi zenye maswali hapa juu umezijibu?"

Ili aniridhishe niondoke, akaandika mbele yangu, kwa kidole kimoja, haraka: "Marahaba. Uliza."

Jamani.

"Umeandika nini?"

"Nimeitikia. Si ulitaka aitikiwe?"

"Huyo ni shangazi yangu! Ana wajukuu wenye ndevu kukuzidi wewe! Amekupa shikamoo kwa sababu anadhani mwandishi ni mzee mwenye mvi. Na wewe unampa marahaba na 'uliza', kama polisi!"

"Sasa mtandaoni ningejuaje umri wa mtu?"

"Ungesema naye hata neno moja, ungejua."

Nitakuwa mkweli, alishtuka. Akafuta ile marahaba kama aliyeshika kaa la moto. Nikamwambia viatu avae, tunakwenda Mkula. Akataka kuleta habari za ratiba. Nikamwambia asipopanda pikipiki kwa hiari nitambeba begani mpaka Mkula na kila tutakayepishana naye barabarani nitamtangazia nimembeba nani. Akapanda.

Shangazi tulimkuta ameinama kwenye maji, sketi ameikunja kiunoni, anapandikiza miche. Alikuwa amebakiza kona moja tu. Shamba lote lililobaki lilikuwa limeshasimama, mistari kwa mistari, mpaka kwenye matuta ya jirani. Kwa mbali lilipendeza. Tulipokaribia niliona ile rangi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu! Leo kibanda kimeungua? Umekuja bila taarifa." Akanyoosha mgongo, akamtazama mwenzangu.

"Shikamoo mama," kijana akasema.

"Marahaba baba. Huyu ni nani?"

"Ndiye mwandishi wa ile blogu ya mpunga, shangazi."

Shangazi akacheka, kicheko kile chake ambacho ndege waharibifu wote wa bonde wanakijua. "Acha utani wewe. Mwandishi ni mtu mzima. Huyu labda ndiye anayembebea miwani."

"Ni yeye, shangazi. Kweli."

Alimtazama kijana kuanzia unyayoni. Akaweka mkono mdomoni, mkono wenye tope, na tope likabaki shavuni.

"Mimi nilimpa shikamoo huyu?"

"Mara mbili," nikasema.

Nilidhani atakasirika. Nilitamani akasirike, kwa kweli, nilikuwa nimekuja na hasira ya kutosha wawili. Lakini alimsogelea, akamwuliza kwa sauti ya chini, sauti ya kwenye mkeka wa msiba:

"Mlifiwa, baba?"

"Hapana, mama."

"Uliumwa?"

"Hapana."

"Maana nilipiga hodi ya kwanza kimya, ya pili kimya, nikasema huko si bure. Mtu mzima hanyamazii salamu bila sababu. Tukakuombea kwenye jumuiya, Alhamisi. Tulisema Mungu amwinue mwandishi wetu kitandani."

Kijana alitazama chini kwenye maji. Na mimi nilitazama pembeni, kwenye milima, maana usoni pa mtu aliyeombewa afya siku ambayo alikuwa anahesabu wasomaji hapatazamiki.

"Na swali lako lilikuwa nini, mama?" hatimaye akauliza.

Sasa shangazi amekaribishwa, akafungua mdomo. Akasema yote kwa mkupuo. Kitalu kilianza kugeuka njano kwenye pembe ya juu. Jirani mmoja akasema ni njaa, mwingine akasema ni jicho, mwingine akasema amwage jivu. Yeye alikuwa amesoma makala akaona picha mbili, na miche yake inafanana na zote mbili. Alitaka kuuliza kitu kimoja tu: ang'oe kitalu aanze upya, au aweke urea?

"Na ulifanya nini?"

"Si nilipiga hodi ya tatu nikaondoka? Nikasema nisimsumbue mgonjwa, na mvua haimsubiri mtu. Nikaweka urea kama ulivyoandika. Majani yakachangamka siku chache. Nikapandikiza."

Kijana akachuma jani, akaligeuza dhidi ya jua. Akachuma jingine mbali kidogo. Akatembea mpaka mstari wa mwisho, akainama, akarudi.

"Kimyanga, mama."

"Shamba lote?"

"Limeshatembea. Mikono ya kupandikiza nayo hukibeba."

Shangazi alitazama mikono yake mwenyewe. Akaisuuza kwenye maji yaleyale, akaitazama tena. Kitalu chake kilikuwa hakizidi uwanja wa kuanikia mpunga. Siku ile ya hodi ya kwanza angeking'oa kabla ya chai, akamwaga mbegu nyingine, na mvua bado zingekuwa upande wake. Neno moja tu, "ng'oa", herufi nne na kinukta juu. Mbona mganga wa kurudisha waume alipata nafasi ya kuandika kurasa nzima?

Tuling'oa. Tulikuwa watu watatu na baadaye majirani. Kung'oa mpunga uliopandwa na shangazi yako kwa mkono wake, mche kwa mche, ni kazi inayotia kinyaa ambacho hakitoki kwa sabuni. Miche ilikuwa inateleza, tope linanuka kama chungu kilichofunikwa kikiwa na mboga ya juzi, ruba wamening'inia miguuni kama hereni. Kila rundo lililopelekwa kwenye moto lilikataa kuwaka, likatoa moshi mzito wa njano uliotukaa kwenye koo. Kijana alivua viatu akaingia, hilo nampa. Shangazi ndiye aliyekuwa anamwambia, "Pumzika baba, usije ukaumwa tena." Tena! Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Jirani mmoja, mfugaji wa Kisukuma, alikuwa na miche iliyobaki, mizima. Akamgawia shangazi bila maneno mengi. Ilitosha kipande cha kando ya mfereji, baada ya kusubiri kwanza mabaki ya ugonjwa yaishe shambani. Kwingine kote palibaki maji matupu yanayotazama mbingu.

Sasa ninyi mnadhani kijana alibadilika. Na mimi nilidhani. Nilirudi Ifakara nikiwa nimeanza kumsamehe, nikajisemea, shule ni shule hata ikiwa ya tope. Juma halikuisha, makala mpya ikatoka. Ilikuwa na picha ya shamba la shangazi likiungua, nzuri sana, moshi na milima. Na kichwa cha habari: wakulima wengi huchelewa kutafuta ushauri.

Huchelewa! Nilisoma nikiwa nakula, nikaiacha sahani. Siyo kusukuma kando, niliinyanyua kabisa, nikampa paka wa jirani, na paka mwenyewe aliitazama kwanza.

Chini yake watu walianza kuandika. "Pole mama wa watu." "Mtaalamu, mche ukiwa na siku ngapi ndiyo dalili zinaonekana?" "Picha hii ni wapi, mbona mimi yangu inafanana?" Maswali yenye hofu, maswali ya watu wenye vitalu vinavyongoja. Nikangoja na mimi. Kimya. Mganga akafika. Mtu wa mikopo akafika. Basi nikaandika mwenyewe, kwa jina langu kamili, kwamba yule mama hakuchelewa, alipiga hodi mara tatu kwenye ukurasa huuhuu na mwenye nyumba alikuwemo ndani. Haikupita muda, komenti yangu ikafutwa. Angalau hiyo aliisoma.

Wale waliouliza nikawaita kwenye blogu yangu ya kambale. Mimi si mtaalamu wa mpunga, ninachojua ni kula. Lakini nilimpata mwanamke mmoja aliyesomea mambo ya mbegu, anayejibu simu, nikawa nampelekea maswali na kurudisha majibu, moja baada ya jingine, nikianza kila jibu kwa kuitikia salamu na kuuliza hali ya nyumbani. Wengine waling'oa vitalu mapema. Wengine waliambiwa ni njaa tu, wakaweka urea, wakaniandikia kushukuru na kunitukana kuhusu nazi.

Kile kipande cha kando ya mfereji shangazi alikivuna, akala, na kikaisha mvua za mwaka uliofuata zikiwa ndiyo kwanza zinanyemelea. Siku hiyo nilikuwa nimemtembelea. Akachukua bakuli, akaniambia nimsindikize dukani. Nilidhani ni chumvi.

"Nipimie mchele," akamwambia mwenye duka.

Mwenye duka, kijana wa palepale Mkula aliyekua akila wali wa misiba na harusi kutoka kwenye shamba la yule mama, alibaki ameshika kipimo hewani.

"Mchele, mama? Wewe?"

"Mimi. Kwani sina meno?"

Akapima, macho hayapandi. Shangazi akaingiza vidole kwenye bakuli, akainua punje chache, akazinusa. Wadudu weusi wadogo wakaanza kutembea kwenye kiganja chake, wanapanda kuelekea kwenye kifundo cha mkono.

"Wa wapi huu?"

"Sijui, mama. Umekuja na gari."

Akawapuliza wale wadudu, taratibu, mmoja mmoja, mbali na bakuli. Kisha akafungua fundo la khanga, akalipa.